UZI: Maji yamekatiza barabara mbele yako, unavuka au unasubiri? Madereva wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tuongee hapa

Mtoto wa Isongole (mleta uzi)

Wakuu habari za mvua. Hii kitu nimekaa nayo moyoni tangu mwezi wa pili na leo nimeona niiandike, maana jana tena nimeshuhudia Noah imejaza wanafunzi inaingizwa kwenye maji yanayopita juu ya kalavati, dereva anacheka, na alipotokea ng'ambo watu wakampigia makofi. Alitoka salama ndio. Ila mi najua kilichonipata na sitaki kimpate mwingine.

Kisa chenyewe. Natoa ndizi na maparachichi vijijini Rungwe naleta Mbeya mjini, hizo barabara za udongo nazipita kila wiki. Siku hiyo nilikuwa na mama mdogo na wanae wawili, tukafika kwenye kamto kamoja ambako kiangazi unakaruka tu kwa mguu. Kalavati halionekani, maji mekundu yanapita juu yake, na jua linawaka, hapo tulipo hata tone hakuna. Kuna mzee alikuwa amesimama ukingoni na ng'ombe wake akaniambia mwanangu subiri, mvua iko huko juu mlimani, haya yatapita. Shikamoo yake nilimpa, ushauri wake sikuuchukua, kisa tu kuna pikap mbele yangu ilikuwa imeshavuka.

Katikati gari ikakohoa ikazima. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango, yakafika kwenye pedeli, halafu nikasikia nyuma ya gari inanyanyuka inasogea kushoto, na kushoto ndo kwenye korongo. Usukani umeushika lakini gari haikusikii tena, hiyo hali siwezi kuisahau. Kilichotuokoa ni tairi la mbele kukwama kwenye ukingo wa kalavati na vijana wa pale waliokuja na kamba ya katani, watoto wakatolewa dirishani mmoja mmoja, mama mdogo wa mwisho. Na wakuu, dakika kama arobaini baadae, arobaini tu, tulipita pale pale kwa miguu maji hayafiki kwenye kifundo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nauliza kila dereva mkongwe ninayekutana nae stendi, na nilichoelewa ni kwamba sisi wa huku tuna maji ya aina mbili na watu wengi wanayachanganya. Kuna maji ya kupita na kuna maji ya kukaa.

Ya kupita ni haya yetu ya milimani, yanayotoka Rungwe, Uporoto, Kitulo, safu ya Mbeya. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na ukitoka Tukuyu mpaka Kyela unashuka kama mita 1000 ndani ya kilometa hamsini na kitu, sasa fikiria maji yanashukaje kwenye mteremko kama huo. Yanakuja ghafla, yanakuja na mawe na magogo, mara nyingi yanakukuta wewe uko kwenye jua kwa sababu mvua imenyesha kilometa kumi juu yako. Ila pia yanaondoka haraka. Saa moja, saa mbili, mto umerudi ulivyokuwa. Dawa yake ni kukaa tu na kusubiri, basi.

Ya kukaa ni yale ya tambarare, Kyela huko chini na Usangu. Hayo hayana haraka, unaweza ukasubiri siku tatu yapo tu. Hayo unageuza gari.

Sasa utajuaje yaliyo mbele yako yanapanda au yanashuka? Mzee mmoja aliyeendesha Fuso miaka mingi kanifundisha: shuka, chukua jiwe, liweke pale pale maji yanapoishia ukingoni. Kaa dakika kumi na tano. Jiwe likizama maji yanapanda, rudisha gari nyuma sehemu ya juu haraka. Jiwe likibaki kavu na maji yamesogea mbali nalo kidogo, yanashuka, endelea kusubiri mpaka uone lami au changarawe yenyewe.

Na msidanganywe na macho kwamba ni machache. Watu wa hali ya hewa wa Marekani wanasema sentimita 15 za maji yanayokimbia zinatosha kumwangusha mtu mzima, 30 zinatosha kuzibeba gari nyingi ndogo, na 60 zinabeba karibu gari zote za kawaida mpaka pikap na hizi za juu. Sentimita 60 ni mapajani tu hapo. Meta moja ya ujazo ya maji ni kilo 1000, tani nzima, na mkondo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne. Halafu gari ni boksi lenye hewa ndani, likishaanza kuelea uzito wake haukusaidii kitu.

Wenye uzoefu karibuni, hasa mafundi.

fundi Mwanjelwa

Mkuu pole sana na mshukuru Mungu. Naomba niongezee upande wa injini maana masika haya nimeshafungua injini nne na zote zimekufa kwa kosa moja.

Gari ikizima ndani ya maji USIPIGE STATA. Narudia hata kama kuna watu wanakuambia jaribu jaribu. Injini inavuta hewa kupitia bomba linaloingia kwenye eakilina (chujio la hewa), na kwenye gari nyingi ndogo mdomo wa hilo bomba uko mbele karibu na rejeta, chini kuliko unavyodhani. Fungua boneti leo ukiwa nyumbani ulifuatilie ujue liko usawa gani, ndo kimo cha mwisho cha gari yako hicho, na toa na kimo cha wimbi linalojengeka mbele ya bampa ukiwa unatembea. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda inakuta maji, na maji hayabanwi kama hewa, kwahiyo kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachobeba pistoni. Mara nyingine gari inazima tu na hakuna kilichopinda bado, ila ukipiga stata wewe mwenyewe ndo unaipinda. Nimeona konrodi imetoboa bloku kabisa.

Ikizima iache. Watoe watu kwanza. Ikishavutwa nchi kavu toa waya wa betri, ita fundi afungue plagi zote (za dizeli ni nozeli au hita plagi) ndo injini izungushwe iteme maji, eakilina ikaguliwe, oili ichekiwe kwa stiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mwaga yote weka mpya na filta mpya kabla hujawasha.

Kingine ambacho watu hawakijui. Umetoka Uyole mpaka huko unakokwenda, difu (boksi la gia la kwenye ekseli) na giaboksi zimechemka, halafu unaziingiza kwenye maji ya baridi ghafla. Hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji kupitia kwenye sili. Gari inavuka vizuri, wiki tatu baadae difu inaanza kulia. Hata kama maji ni madogo na umeamua kuvuka simama kwanza ipoe kidogo, na ukishafika mwagisha oili ya difu uitazame rangi.

mama wawili

Mi sio dereva, ni abiria wa hiace kila siku ya Mungu, na watoto wangu wanapanda gari ya shule. Naomba kuuliza, sisi abiria tunafanyaje? Mwezi uliopita konda alituambia anayeogopa ashuke, na nikashuka kweli na nauli yangu ikabaki kwake, nikashuka na mwanafunzi mmoja na bibi mmoja. Gari ilivuka. Wengine wakatuangalia kama tumefanya kitu cha ajabu. Tulikaa kwenye kibaraza cha duka karibu saa moja na nusu tukapata gari nyingine.

Na swali la pili, likishatokea lile la mtoa mada, maji yanaingia ndani na mlango haufunguki, mtu anafanya nini hasa? Maana nilishasikia kwamba mlango haufunguki ndo nikaogopa zaidi.

Mtoto wa Isongole

Dada umefanya jambo kubwa sana, na huyo bibi na mwanafunzi walikufuata wewe. Abiria kumi wakisema hatuvuki, hakuna dereva atakayevuka na gari tupu, hesabu yake haimlipi. Kwa gari ya shule wazazi mkubaliane na dereva mapema kabisa kwamba siku maji yamejaa watoto kuchelewa sio kosa, na hamtamlaumu. Madereva wengi wanalazimisha kwa sababu wakichelewa wanasemwa.

Kuhusu mlango. Ni kweli haufunguki, au unakuwa mgumu mno. Maji yakiwa nje yamefika juu kidogo ya nusu ya mlango na ndani bado hayajaingia, yanausukuma kwa uzito unaozidi kilo mia, mwanamke mwenye mtoto mkononi hauwezi na hata mi mwanaume sikuuweza. Kwahiyo njia ni dirisha. Vioo vya umeme vinaweza kukataa umeme ukishapata maji, ndo maana wakongwe wanashusha vioo vyote KABLA ya kuingia, na loki za milango wanafungua. Sisi vilikuwa chini kwa sababu ya joto tu, sio kwa akili yangu, na ndo njia watoto walipopitia. Gari ikisimama tu: mikanda fungueni, watoto watangulie, tokeni upande ambao maji yanatokea kama inawezekana, maana upande wa chini gari ikisogea inawalalia. Kama nje mkondo ni mkali kuliko mnavyoweza kusimama, pandeni juu ya paa mpige kelele, msijaribu kuogelea. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114, polisi 112.

Kioo kikiwa juu na hakishuki, vunja cha pembeni, sio cha mbele. Cha mbele kina karatasi ya plastiki katikati, kinapasuka lakini hakimwagiki. Cha pembeni piga kwenye kona kwa kitu chenye ncha. Wengine wanachomoa kile kiegemeo cha kichwa cha siti wanatumia vyuma vyake. Mi sasa natembea na nyundo ndogo pale mlangoni, sio kwenye buti.

Kitonga Usiku

Nakazia. Mi ni wa semi, lori la tela, Tunduma Dar miaka mingi. Wenzangu wa gari kubwa tunajidanganya kwamba uzito unatusaidia. Tela tupu ni tanga la kubebwa na maji, lina eneo kubwa pembeni. Na sisi ndo tunawaponza wenye gari ndogo, tunapita tunatengeneza wimbi, mwenye IST anakuja nyuma anaona kama nimemfungulia njia, wimbi linamrudia kwenye boneti. Mwenye gari ndogo usifuate lori kwa nyuma. Acha litoke kabisa, maji yatulie, uone.

Ila mi nataka niseme la lami, maana wengi wanawaza mito tu. Ile mistari mirefu ya Igawa kwenda Makambako, Mafinga mpaka Ifunda, mvua ikipiga maji yanalala kwenye michirizi ya matairi iliyobonyezwa na malori. Ukiwa 90 na tairi imeisha kashata (meno yake), tairi inapanda juu ya maji, haigusi lami. Unajua kwa usukani, unakuwa mwepesi ghafla kama gari imewekwa juu ya sabuni. Hapo usikanyage breki na usikate usukani, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani unyooke, subiri ishike yenyewe. Nchi nyingi kashata ikifika milimita 1.6 tairi inahesabiwa imekwisha kisheria, lakini kwa masika ya huku mi nabadilisha kabla ya hapo.

Na ukitoka kwenye maji, breki zimelowa, haswa za dramu. Usije ukashuka Kitonga au Mlima Nyoka na breki hazijakauka. Ukishatoka endesha polepole huku unagusa breki kidogo kidogo mpaka uzisikie zinashika. Watu wanasahau hilo kabisa, wamefurahi wamevuka, kona inayofuata wanapitiliza.

Ukungu je? Taa ya chini, sio full, full inakurudishia mwanga usoni. Na taa za hazadi ni za kusimama, ukiwasha unatembea wa nyuma hajui unakata kulia au kushoto.

Kyela Kwetu

Naheshimu sana uzi huu lakini mleta uzi hapo kwenye maji ya kukaa umepita haraka. Ulisema unageuza gari. Sisi wengine tunageuzia wapi? Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo yote inamwagia kwetu, mvua ya Tukuyu ya usiku tunaiona sisi asubuhi ikiwa uani. Barabara inakuwa chini ya maji siku kadhaa na kuna mgonjwa, kuna mama anaumwa uchungu. Lazima tuongee na namna ya kuvuka.

Maji yaliyotulia adui yake ni usichokiona. Pembeni ya barabara kuna mtaro au jaruba la mpunga, yote yamekuwa sawa sawa, huoni lami inaishia wapi. Sisi tunatanguliza mtu wa miguu, amevaa buti, ana mti mrefu wa kupima kila hatua, anatembea katikati maana barabara inajengwa imeinuka katikati, gari inamfuata. Kama mti unazama ghafla barabara imekatika, mwisho wa safari. Na hii ni kwa maji YALIYOTULIA TU. Kwenye mkondo hakuna mtu kutangulia, sentimita 15 umeshaambiwa. Usiku pia hapana, hata yakiwa yametulia, mgonjwa tunamtoa kwa mtumbwi au kwa machela.

Dereva anaingia gia ya kwanza, otomatiki weka L, eisii zima, mwendo wa mtu anayetembea, mafuta hayapandi hayashuki, habadilishi gia njiani na hakanyagi klachi katikati. Gari moja moja, ya pili haiingii mpaka ya kwanza imetoka.

Mtoto wa Isongole

Kyela Kwetu umenisahihisha, asante sana. Nilikuwa naongea kama mtu wa mlimani. Hapo kwenye mti unazama ghafla naomba niongeze kwamba hata huku juu udongo wetu wa Rungwe ni wa majivu ya volkano, laini, maji yanaula chini ya kalavati huku juu changarawe imebaki kama mkate ulioliwa na panya ndani. Maji yakishuka unaona barabara ipo, unapita, inabomoka. Kabla ya kuwa wa kwanza kupita, shuka uchungulie pande zote mbili za kalavati. Ukikuta imeliwa kata matawi uyaweke barabarani mbali kidogo huku na huku, kila dereva wa nchi hii anajua matawi maana yake nini, kisha mwambie mtendaji wa kijiji awape taarifa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), au TANROADS (wakala wa barabara kuu) kama ni barabara kuu. Matawi kwanza, simu baadae.

Na mlima wenyewe unashuka pia. Itezi hapa mjini Aprili 2024 mlima Kawetere ulimeguka tope likafunika nyumba. Kwahiyo unaposubiri usipaki chini ya ukingo mrefu uliolowa, wala usipaki kwenye mkondo mkavu ulio jirani, maji yakipanda ndo njia yake ya pili.

boda Mbalizi

Pikipiki mmetusahau. Sisi maji yakifika kwenye eksozi na mkondo unapiga pembeni, tairi la mbele linaondoka tu. Abiria ashuke, pikipiki isukumwe na watu wawili mnaosimama upande wa chini... au nimekosea?

Kitonga Usiku

Umekosea mdogo wangu, usisimame upande wa chini, ikikuangukia inakushikilia ndani ya maji. Na kwenye mkondo usiisukume kabisa. Iache upande huu usubiri. Pikipiki inanunuliwa nyingine.

Kijana wa Rujewa

Wakuu nasoma uzi nikiwa kwenye tukio sasa hivi, nipo na kirikuu nimebeba mpunga, mbele yangu drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake) imefunikwa, maji yana povu na vijiti vingi. Kuna gari tatu nyuma yangu zinanipigia honi nivuke. Huku kwetu ni tambarare lakini hii ni karibu na mlima, sasa ni ya kupita au ya kukaa?

Mtoto wa Isongole

Povu na vijiti maana yake yanakuja bado, huko juu kunaosha. Ni ya kupita. Rudi nyuma mpaka pale juu palipo pakavu, zima gari, kisha shuka uweke jiwe ukingoni. Waambie hao wa honi waje waangalie na wao.

Kijana wa Rujewa

Nimeweka. Jiwe limezama ndani ya dakika sita. Tumerudisha gari zote nne nyuma. Yule aliyekuwa anapiga honi sana ndo ameenda kuwasimamisha wanaotokea kijijini.

mama wawili

Tunakuombea mwanangu. Tupe taarifa.

Kijana wa Rujewa

Imepita saa moja na dakika ishirini. Vijiti vimeisha, maji yameanza kuwa meupe kidogo. Jiwe la kwanza limeonekana lote, nimeweka la pili chini yake na lenyewe limebaki kavu. Ule mti wa alama pembeni ya drifti sasa unaonekana mpaka chini. Kuna shimo upande wa kulia ambalo asubuhi halikuwepo, lingenikuta sawasawa na tairi la mbele.

Tumekata matawi. Nasubiri changarawe ionekane ng'ambo hadi ng'ambo, ndo niwashe.